Kabula na Njia ya Pembe za Ndovu

Tarehe 7 Novemba 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliingia Kazeh na msafara wao. Kazeh kilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu katika nchi ya Unyanyembe, pale ulipo mji wa Tabora leo. Walikuwa wametoka Kaole, kando ya Bagamoyo, mwishoni mwa Juni, na njiani walikaa siku 134. Snay bin Amir, tajiri wa Kiomani, aliwapokea vizuri, akawapa nyumba na mahali pa kuweka mizigo. Nia ya Burton ilikuwa apumzike siku chache kisha ashike njia ya Ujiji. Wapagazi wake hawakuwa na nia hiyo. Waliokuwa Wanyamwezi walitua mizigo, kila mmoja akashika njia ya kijijini kwake. Mbingu zilikuwa zimeanza kufunga, na mashamba yanangoja majembe. Burton akakaa Kazeh zaidi ya mwezi mzima akitafuta mabega ya kumvusha mbele.

Speke alirudi Januari 1861, safari hii akiwa na James Grant, na masaibu yakawa yale yale, tena yakiongezewa njaa na vita. Mtemi Mnywa Sele alikuwa amegombana na Waarabu wa Kazeh, amefukuzwa kitini, na sasa anawawinda porini. Mvua inanyesha, chakula hakuna, wapagazi hawapatikani. Wageni wale wakanung'unika kwenye madaftari yao kurasa kwa kurasa. Waliyaona hayo kuwa ni ukaidi wa watu. Mnyamwezi yeyote angewaambia kwamba mtu hachukui pembe ya ndovu ya mwingine wakati mvua ya kupandia mtama wake inaanguka.

Mtoto wa kike aliyezaliwa katika vijiji vya Unyanyembe majuma kama yale, radi zikirindima na mama akisikia maji yanachuruzika kwenye udongo wa paa la tembe, alikuwa na jina lililokwisha kumngojea: Kabula.

Jina lenyewe halina fumbo. Mbula ni mvua, kwa Kinyamwezi na kwa Kisukuma pia, lugha mbili zilizo ndugu kiasi kwamba wazee wa Tabora na wa Shinyanga husikilizana bila mkalimani. Wa kiume huitwa Mabula au Mbula, wa kike ndiye Kabula. Limo katika ukoo mkubwa wa majina yanayoshika hali ya siku ile mtu alipokuja duniani. Limi ni jua. Nyanzala amezaliwa wakati wa njaa, maana njaa ni nzala. Kalunde amezaliwa mawingu yametanda. Kashindye ametanguliza miguu. Kulwa na Doto ni pacha, na anayewafuata tumboni ni Shija, awe wa kike au wa kiume. Mtu akikutajia jina lake katika nchi hii amekwisha kukupa sehemu ya habari zake kabla hujamwuliza.

Nimelichagua Kabula kati ya hayo yote kwa sababu ya barabara. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya Afrika ya Mashariki. Kutoka Bagamoyo misafara ilipita Ugogo, ikavuka nyika kavu ya Mgunda Mkali iliyoua watu kwa kiu, ikafika Tura, Rubuga na Kazeh. Hapo njia ziligawanyika: moja ikaenda Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hadi Manyema, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine kusini-magharibi kuelekea Katanga. Pembe zilishuka pwani. Nguo za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti zilipanda bara. Watumwa walipita njia hiyo hiyo. Yote hayo yalikwenda juu ya vichwa na mabega ya watu, kwa kuwa mbung'o waliua ng'ombe na punda kabla hawajafika popote. Mzigo wa mpagazi ulikaribia kilo 35, na juu yake aliweka mkeka wake, sufuria na akiba ya chakula. Wanahistoria hukadiria kwamba miaka ya mwisho ya karne ile watu waliopita njia hii kwa mwaka walifikia laki moja.

Wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Nao Wanyamwezi walikuwa wakienda pwani kwa biashara yao wenyewe kabla Mwarabu hajajenga Kazeh. Walikuwa na kirangozi wao aliyetangulia mbele na mavazi yake ya mbwembwe, mnyapara wao, mganga wao wa safari, na fahari yao. Kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa bado mtoto.

Lakini walikuwa wakulima vilevile. Tabora hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, zaidi kidogo ya milimita 900 kwa mwaka. Baada ya hapo mvua hukatika kabisa. Juni hadi Septemba unaweza kuanika mtama nje usiku na mchana bila wasiwasi. Kwa hiyo kalenda ya safari ilijipanga yenyewe. Mavuno yakiisha, Mei au Juni, wanaume wanafunga mizigo. Agosti au Septemba wako pwani, wanauza, wananunua, wanashangaa mji. Kisha wanageuza, wanakaza mwendo, ili mawingu ya kwanza yawakute nyumbani. Bei ya pembe iliyokuwa ikizungumzwa London na Bombay, mahali walipokuwa wakichonga meno ya ndovu kuwa vitufe vya piano na bangili za maharusi, ilikuwa ikingoja mvua ya Unyamwezi ianze na ikome.

Hebu tupige hesabu ya mimba. Mtoto wa Desemba au Januari ameingia tumboni Machi au Aprili, siku za mwisho za mvua, baba bado yuko. Wakati baba anafunga mzigo Mei, mama ameanza kuchukia harufu ya mboga na wakwe wamekwisha kuambiana kwa macho. Anaondoka akijua. Mimba inakua yeye akiwa Mgunda Mkali, akiwa Ugogo anatozwa hongo na kila mtawala, akiwa Bagamoyo anachagua upande wa kaniki. Anarudi Novemba anakuta mke mzito, analima naye kwa haraka, na mtoto anazaliwa baba yupo. Huyo ndiye Kabula. Yule aliyetungwa usiku wa furaha ya kurudi, Novemba, anazaliwa Agosti, vumbi limejaa, baba yuko mamia ya kilomita mashariki. Huyo atakuwa Limi, au apewe jina la bibi yake, na baba atamwona akiwa na miezi mitatu na meno yanakaribia.

Hesabu hii ni yangu, wala sidai kwamba kila nyumba iliifuata. Wako wanaume ambao hawakusafiri kamwe. Wako wanawake waliosafiri na waume zao, mtoto mgongoni na vyombo kichwani, na kambini wao ndio waliotwanga, wakapika, wakapika na pombe. Na kadiri miaka ilivyokwenda, biashara iliponoga, wakatokea wapagazi wa kudumu ambao shamba lao lilikuwa barabara; hao walisafiri masika na kiangazi. Lakini kwa nyumba ya kawaida ya mkulima wa miaka ya 1850, naona Kabula alikuwa mtoto wa msimu wa watu kuwa pamoja.

Tena alikuwa mtoto wa msimu wa shibe inayokaribia, ingawa ghala lilikuwa linaisha. Mvua za kwanza zikipiga miombo, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu, watoto huwakimbilia na vikapu. Uyoga huchipua msituni, na wanawake wa Tabora wanaujua kwa majina na kwa rangi, upi wa kupika na upi wa kuacha. Majani ya mlenda hujiotea pembeni mwa shamba. Mzazi wa Desemba alipata mchuzi bila kwenda mbali. Upande mwingine, mama huyo huyo alihitajika shambani kabla kitovu cha mtoto hakijapona vizuri, maana palizi haina huruma na mzazi. Kabula alianza maisha amefungwa mgongoni mwa mtu anayeinama na kuinuka na jembe la Usumbwa, lile la chuma kilichofuliwa na wahunzi wa huko na kutumika hata kulipia mahari.

Ukitafuta jina hilo katika vitabu vya wasafiri utachoka. Burton, Speke, Stanley na Livingstone wameandika majina ya watemi, Waarabu, viongozi wa misafara na wapagazi watoro. Wanawake wenye majina ni wachache, na karibu wote ni wale walioingia barabarani. Livingstone anamtaja Halima, mpishi wake, mke wa Amoda, na Ntaoeka aliyeolewa na Chuma. Walikuwa katika watu wake alipokaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mwaka 1872. Alifika hapo na Stanley mwezi wa Februari. Stanley akaondoka tarehe 14 Machi, na mzee yule akabaki akingoja watu watakaoletwa kutoka pwani hadi Agosti. Miezi mitano, tembe moja. Nyumba hiyo imejengwa upya na leo ni makumbusho, na mgeni huonyeshwa ua na vyumba alimokaa. Vijiji vya jirani vilivyokuwa vikimlisha unga, maziwa na mayai vilijaa wanawake, na haiingii akilini kwamba hakukuwa na Kabula hata mmoja kati yao. Hakuna aliyemwuliza jina. Majina ya nyumbani yalibaki nyumbani, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya kudumu kwayo: hayakuwa bidhaa ya barabara, hivyo barabara ilipokufa hayakufa nayo.

Mvua, hata hivyo, iliingia katika vitabu kwa mlango mwingine. Mtu aliyewanyima Waarabu wa Tabora usingizi tangu 1871, akafunga njia ya Ujiji, akamfanya Stanley mwenyewe ashike bunduki upande wa Waarabu kisha akimbie naye, ni Mtemi Mirambo wa Urambo. Mirambo ni jina la vita, na maana yake ni maiti. Kabla ya hapo alikuwa kijana wa ukoo wa kitemi wa Uyowa, aliyezaliwa yapata 1840. Wanahistoria hawakubaliani juu ya namna ya kuandika jina lake la utoto. Wengine humwita Mtyela Kasanda, wengine Mbula Mtelya. Tukifuata hawa wa pili, basi aliyeitisha nchi yote kwa jina la maiti alianza maisha kwa jina la mvua, kaka wa kina Kabula. Alifariki tarehe 2 Desemba 1884, siku za mvua.

Kwa mtemi mvua lilikuwa jambo la kitini. Katika Unyamwezi wa zamani mtemi ndiye aliyebeba afya ya nchi. Dawa za mvua zilikuwa mikononi mwake na mwa wafumu, yaani waganga wake, tambiko la kuomba mvua lilifanyika ikulu, na ukame ukizidi lawama zilimwendea yeye. (Ikulu ilikuwa kijiji cha mtemi. Neno hilo lilitoka huku, likashuka hadi Magogoni, Dar es Salaam, likapewa nyumba ya rais, na sasa ni wachache wanaokumbuka kwamba ni la Unyamwezi.) Kumpa mtoto jina la mvua mbele ya mtawala wa namna hiyo kulikuwa na uzito fulani. Mwaka ambao mvua ilichelewa hadi watu wakaanza kunong'ona, kisha ikanyesha usiku mmoja mama fulani akijifungua, mtoto yule hakuitwa Kabula kama mtu anavyojaza fomu. Alikuwa shahidi wa kwamba mwaka ule mambo yalikaa sawa.

Wakati huo huo kalenda nyingine ilikuwa ikipanda kutoka pwani. Waswahili na Waarabu walihesabu kwa juma, na mtoto wao wa kike aliyezaliwa Ijumaa ni Mwajuma, wa Alhamisi ni Mwanakhamisi. Wengine walichukua majina ya nyumba ya Mtume. Tabora ilipokua kuwa mji, na miembe iliyopandwa na wageni wale ikawa msitu wa vivuli, majina hayo yakashika mizizi Unyanyembe. Wapagazi waliokwenda pwani mara tano sita walirudi wakijiita Juma au Hamisi, wakawapa mabinti zao majina waliyoyasikia Bagamoyo na Unguja. Hapo utadhani jina la mvua lingefifia. Kilichotokea ni kugawana kazi. Mtoto akawa na jina la dini la kuitwa msikitini na barazani, na jina la nyumbani ambalo bibi hulitumia akimtuma maji. Mwajuma na Kabula wakakaa katika mwili mmoja bila ugomvi: mmoja anasema siku ya juma, mwingine anasema msimu.

Inafaa kuuliza kwa nini barabara ile ile haikulibeba Kabula kulipeleka pwani, maana ilibeba majina mengine ya huku. Leo ukienda Tanga, Lindi au Dar es Salaam utakuta pacha wa Kizaramo au wa Kizigua wanaitwa Kulwa na Doto, na wazazi wao hawajui kwamba wameazima. Wanyamwezi walikuwa wengi pwani. Walilima huko, walioa huko, waliweka utani na Wazaramo na Wagogo kutokana na safari zile, na baadaye wakaenda kwa maelfu kwenye mashamba ya mkonge, wakiitwa manamba. Jibu langu ni kwamba pacha huzaliwa kila mahali na kila mahali watu hutaka kujua nani katangulia. Majina ya kutofautisha wawili hao yanatimiza haja ambayo kila nyumba inayo. Mvua ya pwani haina uzito ule. Kule kuna masika na kuna vuli, mvua mara mbili kwa mwaka na manyunyu katikati, na bahari hailimwi. Kuzaliwa mvua ikinyesha Bagamoyo si habari ya kumpa mtu jina.

Mahali ambapo mvua inaamua nani atakula, majina kama haya yapo tele, hata pasipo njia ya misafara. Wakamba wa Kenya, ambao nao walikuwa wasafiri wakubwa wa kwenda Mombasa na pembe, wana Mumbua, na ni mvua ile ile. Kusini kabisa Wazulu wana Nomvula. Hao wote ni Wabantu na huenda tukasema ni urithi wa pamoja. Lakini Wajaluo, ambao lugha yao ni ya mbali kabisa, wana Akoth kwa wa kike na Okoth kwa wa kiume. Wakalenjini wana Cherop na Kiprop. Tanzania yenyewe rais wake wa kwanza aliitwa Kambarage kwa jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki, kwa sababu siku aliyozaliwa Butiama, Aprili 1922, mvua ilinyesha sana. Mtoto huyo wa mvua alisoma Tabora kuanzia 1937, akarudi kufundisha St. Mary's hapo hapo baada ya Makerere. Sina shaka wanafunzi wenzake Wanyamwezi walilielewa jina lake haraka kuliko walimu.

Wamisionari walikuja na kundi la tatu la majina. London Missionary Society walifungua kituo Urambo kwa ridhaa ya Mirambo mwaka 1879, na mwaka 1898 Wamoravian wakakirithi. Mapadre Weupe walikaa Kipalapala, kisha Ushirombo, kisha Ndala. Ubatizo ukaleta kina Maria, Anna na Agnes. Mpango ukawa ule ule wa Waislamu: Maria wa kanisani, Kabula wa nyumbani, na wengi wakayaunganisha. Padre aliandika daftarini yote mawili, na ndipo pengine jina hili likaanza kuonekana kwa wino.

Barabara yenyewe haikudumu. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga Wajerumani hadi Januari 1893, na boma lake lilipovunjwa alijilipua kwenye ghala la baruti kuliko kushikwa. Wajerumani wakamweka mwanamke, Nyaso, kwenye kiti. Mwaka 1912 reli kutoka Dar es Salaam ikafika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Safari ya miezi mitatu ikawa ya siku chache, na kazi ya upagazi wa pembe ikaisha. Vita Kuu iliwarudisha wapagazi barabarani kwa nguvu, wakabebeshwa mizigo ya majeshi bila kuulizwa msimu, na wengi hawakurudi. Tabora ilianguka mikononi mwa Wabelgiji Septemba 1916. Wanaume wa Unyamwezi waliendelea kusafiri baada ya hapo, lakini ratiba ya mkonge na ya reli haikujua Novemba. Mtu aliandikishwa kwa mkataba akaondoka, mvua ikanyesha yeye hayupo. Ile hesabu yangu ya mimba ikavunjika.

Jina likabaki, ila likabadilika kazi. Wanyamwezi na Wasukuma hurithishana majina ya wazee. Mtoto akilia usiku mfululizo, au akikataa kunyonya, watu huuliza ni nani katika wahenga anayetaka kuitwa, na akipewa jina hilo hutulia. Ndivyo walivyozaliwa Kabula wengi wa mwezi wa Juni na Julai, jua likiwaka na hakuna wingu mpaka Uvinza. Hao hawana mvua yoyote. Wana bibi aliyeitwa hivyo, au bibi wa bibi, na pale mwanzo kabisa wa mnyororo ndipo ilipo mvua yenyewe. Kwa hiyo ukikutana na Kabula leo huwezi kujua kwa hakika kama amezaliwa Desemba. Inakubidi uulize alizaliwa lini na karithi kwa nani, na akiwa na muda utasimuliwa ukoo mzima.

Umaarufu wake sasa unafuata ng'ombe na jembe zaidi kuliko njia ya pembe. Limejaa Shinyanga, Simiyu, Geita, Mwanza na Tabora. Wafugaji wa Kisukuma walipohama kutafuta malisho walilipeleka Katavi, Rukwa, Usangu na bonde la Kilombero, mahali ambapo wenyeji walilisikia kwa mara ya kwanza likiitwa kutoka nyuma ya kundi la ng'ombe. Mijini hali ni tofauti. Msichana anayeingia shule ya bweni na jina hili hutaniwa kidogo kwamba ametoka shamba, na wazazi vijana wa Tabora mjini, Isevya au Kanyenye, huelekea kwa Rahma, Nasra, Glory au Precious. Jambo la kuchekesha ni kwamba Rahma ni rehema, na Mswahili wa pwani akiomba dua wakati wa ukame huomba mvua ya rehema. Wamezunguka wamefika karibu na walikotoka.

Kuna adui mwingine asiyetajwa sana, na huyo ni karatasi. Serikali inataka majina matatu: la mtu, la baba na la babu. Mabula akisajiliwa, jina lake litawafuata watoto na wajukuu, wa kike kwa wa kiume, kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na kitambulisho cha taifa. Ndiyo maana Mabula leo wametapakaa bungeni, kwenye timu za mpira na kwenye mabango ya maduka. Kabula hana njia hiyo. Watoto wake watabeba jina la mume wake na la baba mkwe wake. Jina la mvua la kiume linaweza kupita vizazi vitatu bila mtu yeyote kulifikiria. La kike kila mara lazima mtu aamue upya, asimame mbele ya nesi wa zahanati mwenye kalamu mkononi aseme, mwandike Kabula. Mara nyingi anayesema hivyo ni bibi, amekuja na khanga ya kumfunga mtoto. Mama mtu alikuwa ameshafikiria Precious.